Kosa la Mshiriki wa Kumi na Saba

Mwezi wa tatu, gari jeupe la mradi lilipofika Nakivale kuchukua watu wa kwenda kutembea, jina la Elisée liliitwa mara tatu. Elisée hakuwepo, alikuwa soko la Ngarama anauza maharagwe. Mara ya tatu Grégoire, mume wa Marthe, ambaye alikuwa anapita tu na jembe begani, aliinua mkono akasema, "Présent!" Akamwachia mtu jembe lake, akapanda gari.

Hakuna aliyeshangaa. Katika kijiji chao kule kambini, kuitikia jina la jirani ni adabu. Kwenye chakula siku hizi haiwezekani, kwa sababu mashine inataka kidole, na kidole hakiazimwi. Lakini kwa mambo mengine yote, mbegu, vyandarua, semina za kunawa mikono, jina likiitwa na mwenyewe hayupo, aliye karibu huitikia, kisha jioni humpelekea mwenyewe kilichogawiwa. Grégoire aliwahi kukaa siku mbili kwenye semina ya akina mama wanaonyonyesha kwa niaba ya Nathalie, mke wa fundi baiskeli. Cheti kipo mpaka leo ukutani kwa Nathalie.

Jioni ile alirudi kutoka Mbarara na miche miwili ya sabuni, akaipeleka kwa Elisée. Aliporudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Balikuwa banakufanya nini?" Marthe akauliza.

"Banatutembeza."

"Kutembea tu?"

"Kutembea, kukaa, kusimama. Banakuvalisha nguo nyeusi ya kubana kama mutu wa sarakasi, banakubandika tupira tudogo makumi tatu na tisa. Kamera haiko naona mutu. Inaona tu tule tupira. Kisha bakanipa fimbo ya ufagio, bakaniambia lima."

"Ulime wapi?"

"Juu ya sima, ile saruji ya ndani ya nyumba."

"Na ulilima?"

"Nililima. Shamba yao iko nguvu sana."

Akatikisa kiatu cha kushoto, na kipira kimoja cha rangi ya fedha, kidogo kama punje ya hindi, kikaanguka chini. Kilikuwa kimebanduka kisiginoni na kuingia kiatuni. Grégoire alisema atakirudisha. Marthe akakiweka kwenye kopo la vifungo.

Mwezi wa saba homa ilimshika Grégoire siku ya Jumatatu. Ijumaa walimzika. Elisée ndiye aliyechimba kaburi, na alichimba peke yake, akikataa kupokewa, mpaka wanaume wengine wakakaa chini kumsubiri.

Watu humwambia mjane kwamba atasahau sura. Marthe hakusahau sura. Sura ilikuwepo kwenye kadi ya ukimbizi, imefunga mdomo kama ilivyoagizwa. Kilichoanza kumpotea ni mwendo. Kwanza alisahau namna Grégoire alivyokuwa akishuka kilima na ndoo. Kisha akasahau alivyokuwa akiinama mlangoni, maana alikuwa mrefu na mlango ulitengenezwa na mtu mfupi. Kulikuwa na video moja ya kwaya kwenye simu ya mchungaji, lakini Grégoire alikuwa amekaa nyuma ya ngoma. Kinachoonekana ni kiwiko chake, mara mbili. Siku moja Marthe alifunga mlango, akajaribu kutembea kama yeye, kutoka kitandani mpaka kwenye mafiga. Alifika kwenye mafiga kama Marthe.

Basi ndivyo alivyokuwa wakati Elisée alipokuja kwake mwezi wa kumi na moja, akakaa chini kabisa, juu ya mkeka. Elisée alikuwa amezoea kukaa chini. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilikuwa kinafika kwenye kwapa la Grégoire, na tangu mwezi wa tatu, kila gari la mradi lilipotokea, yeye alikaa popote alipokuwa ili asipimwe kwa macho.

"Shemeji," akasema, "banakuita Mbarara."

"Nani?"

"Bale ba tupira. Sasa banataka batu benye kujua bale benye kutembea. Wakati wa kuandikisha nilisema batu babili: bibi yangu Vanessa na weye. Vanessa amezaa juzi, hawezi kwenda."

"Nikafanye nini huko?"

"Bakuonyeshe filme. Useme huyu ni nani." Elisée akakwaruza mkeka kwa ukucha. "Shemeji, ile filme yenye jina yangu…"

"Najua iko ya nani."

Kuku aliingia, akaona hakuna kitu, akatoka.

"Utasema ni miye," Elisée akasema.

"Niseme uongo?"

"Hapana uongo. Ni kuitikia tu."

Marthe alikuwa kwenye kamati ya nidhamu ya kanisa. Wiki mbili kabla, kamati hiyo ilimsimamisha mwimbaji mmoja wa kwaya kwa kusema anaumwa koo wakati alikuwa harusini. Marthe ndiye aliyesoma barua mbele ya watu.

"Nitaona kwanza," akasema.

Lakini alikuwa ameshaamua. Angesema ukweli. Njiani kwenda Mbarara, amekaa dirishani kwenye gari la mradi, kipira kimefungwa kwenye pindo la kitenge chake cheusi, alipanga maneno na kuyarudia moyoni: Daktari, mtu huyu si Elisée. Ni mume wangu, naye amekufa. Nawarudishia kipira chenu. Naomba mnipe ile picha, niwe nayo kwenye simu. Mwanawe Ushindi alikuwa ameahidi kumnunulia simu yenye kioo kikubwa. Ilikuwa hesabu nzuri. Ukweli unatoka, picha inaingia.

Maabara ilikuwa kwenye mlima wa Kamukuzi, katika ukumbi uliowahi kuwa wa harusi. Mapazia ya waridi yalikuwa bado yapo. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa mwanamke mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, akijipepea kwa bahasha.

"Mimi Topista," akasema kabla ya kuulizwa. "Nakaa huku chini, kwa barracks. Bwana yangu iko jeshi. Wewe nyabo, natoka kampi ya wakimbizi?"

"Ndiyo, mama. Nakivale."

"Pole. Mimi nimeshaingia, nimetoka. Banange! Walileta wanajeshi saba kwa ile sinema. Saba! Wote natembea sawasawa. Mimi nilifikiri mashine narudia mtu moja."

"Na ulimupata bwana yako?"

"Nimekosa yeye mara tatu. Miaka kumi na mbili ya ndoa!" Topista akashika kifua. "Lakini nyabo, wewe fikiri. Asubuhi yeye naenda, mimi nimelala. Jioni yeye narudi, nakaa kwa kiti. Mimi kumuona akitembea ni saa ngapi?"

"Sasa utamuambia nini?"

"Nitasema nilipata. Yeye iko na bunduki." Akacheka mpaka bahasha ikaanguka. "Hapana, nacheza tu. Ignatius hawezi kuua hata panya. Mimi ndiyo naua. Na wewe nakuja kutafuta nani? Bwana yako?"

Marthe akatazama mapazia. "Jirani," akasema.

"Jirani! Wewe na bahati. Jirani ndiyo mtu tunaangaliaga."

Walimwita ndani. Daktari alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Natukunda, aliyesomea Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kiasi kwamba Marthe alijikuta amekaa wima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kwenye mashine alikaa fundi, Mugisha, mwana wa askari, aliyekulia kambi ya jeshi na kujifunzia Kiswahili hukohuko.

"Karibu sana, mama," Daktari Natukunda akasema. "Tunachunguza jinsi akili inavyomtambua mtu. Je, ni lazima nione uso wako nikujue, au mwendo peke yake unatosha? Utaona vitone vyeupe kwenye giza. Kila kundi la vitone ni mtu mmoja. Hutaona uso wala nguo. Baada ya kila mmoja, utaniambia kama unamjua, ni nani, na una uhakika kiasi gani, kuanzia moja hadi tano."

"Na nikikosa?"

"Hakuna jibu baya, mama."

"Jibu mbaya iko," Mugisha akasema bila kugeuka. "Mashine nawasha nyekundu."

Taa zikazimwa. Kioo ukutani kilikuwa kikubwa kama mlango wa ghala. Vitone vikaingia kutoka kushoto, vikatembea, vikakaa kwenye kiti kisichoonekana, vikasimama, vikalima. Marthe alishangaa kidogo kwamba alijua mara moja ni mtu, na kwamba ni mwanamke, na kwamba ana haraka. Hakumjua. Wa pili hakumjua. Wa tatu alikuwa mwanajeshi, na Marthe akamwonea huruma Topista.

Wa nne aliingia.

Alimjua kabla hajafika katikati ya kioo. Bega la kulia lilitangulia, bega la magunia. Mguu wa kushoto ulikuwa unatua taratibu, kama unaomba ruhusa kwa ardhi. Alipofika kwenye kiti, mkono mmoja ulirudi nyuma kukipapasa kwanza, kwa sababu kule kwao, milimani juu ya Uvira, walikuwa na kiti chenye mguu mbovu, na tangu hapo Grégoire hakuamini kiti chochote. Aliposimama, kitone cha kisigino cha kushoto kilizimika.

"Hapo kapira moja ilipotea," Mugisha akasema. "Natafuta yeye mpaka leo. Nimeinua hata kapeti."

Marthe akashika pindo la kitenge chake.

Vitone vikachukua fimbo isiyoonekana, vikaanza kulima. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha vikainama, mkono ukaokota kitu, ukakiweka upande wa kushoto. Pigo tatu tena. Vikainama, vikaokota, vikaweka kushoto. Kile cha pili kilikuwa kizito. Mtu wa vitone alikishika kwa mikono miwili.

"Huyu sasa," Mugisha akasema, "yeye naharibu. Tuliambia yeye lima. Yeye naokota hewa."

"Kwenye daftari tumeandika 'kosa la mshiriki'," Daktari akaeleza. "Hizo sehemu huwa tunaziruka."

"Haiko kosa," Marthe akasema. "Anatoa majiwe. Shamba yetu iko na majiwe mingi. Ukilima bila kuyatoa, unavunja jembe. Anayapanga kushoto, pale kwenye mupaka. Ukuta imefika hapa." Akaonyesha kwenye goti lake.

Kalamu ya Daktari ikasimama.

Daktari Natukunda alitazama karatasi. Palipoandikwa *uhusiano na mshiriki*, paliandikwa *jirani*. Akatazama kitenge cheusi. Akatazama kioo, ambapo huyu wa nne, aliyeandikwa daftarini mshiriki wa kumi na saba, alikuwa amesimama wima, mrefu, akipumzika kwa kuegemea fimbo ya ufagio.

"Mama," akasema, "kabla hujanijibu ni nani, itanibidi nikusomee kifungu cha tisa. Huwa tunawasomea watu wote."

"Mimi sijasikia tunasomea mtu hiyo," Mugisha akasema.

"Tunaanza leo." Akafungua faili, akasoma polepole, kwa sauti ileile ya taarifa ya habari. "'Iwapo itabainika kwamba mshiriki alitia sahihi kwa jina lisilo lake, idhini yake itahesabiwa kuwa batili, na kumbukumbu zote za mwendo wake zitafutwa siku hiyohiyo.'" Akafunga faili. "Zikifutwa hazirudi. Hata mimi siwezi kuzirudisha. Wala haziruhusiwi kutolewa kwa mtu yeyote, awe ndugu au nani. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Basi sijakuuliza bado."

Maneno ambayo Marthe aliyapanga njiani yalikuwa bado yapo, yamejipanga kama watoto wa shule, na la kwanza lilikuwa mdomoni. Ukweli ulikuwa unatoka vizuri. Ni picha tu ambayo haikuwa inaingia. Alifikiri juu ya kamati ya nidhamu. Alifikiri juu ya yule mwimbaji wa kwaya, alivyokuwa amesimama mbele ya watu akitazama viatu vyake. Alifikiri kwamba Grégoire alikufa mara moja, kwa siku tano, na kwamba ile ilitosha.

"Naweza kumuona tena?" akauliza.

"Sheria inaruhusu kurudia mara moja."

Mugisha akarudisha. Marthe hakutazama vitone vyote safari hii. Alitazama mguu wa kushoto, kitone chake cha kisigino kilichokuwa kinawaka mpaka kwenye kiti, kisha giza. Alitazama mkono ukipapasa kiti. Aliyahesabu mawe. Yalikuwa tisa. Katika ukumbi wa harusi, juu ya sima, mbele ya kamera, mtu aliyeitikia jina la mwenzake alikuwa ametoa mawe tisa kutoka kwenye shamba la mkewe.

Vitone vikatoka upande wa kulia. Kioo kikawa cheusi.

"Je, unamjua mtu huyu?" Daktari akauliza.

"Ninamujua."

"Ni nani?"

"Ni Elisée," Marthe akasema.

"Una uhakika kiasi gani, kuanzia moja hadi tano?"

"Tano."

Mugisha akabonyeza. Mashine ikawasha kijani.

"Eh!" akasema. "Huyu mama iko na macho."

Daktari Natukunda aliandika tano. Mkono wake ulikwenda taratibu kuliko inavyohitajika kwa tarakimu moja.

"Daktari," Marthe akasema. "Kule kwenye daftari, pale mumeandika kosa. Unaweza kubadilisha?"

"Niandike nini?"

"Andika anatoa majiwe."

Daktari akalifungua daftari, akatafuta ukurasa, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika, na alipoona Marthe ananyoosha shingo, akaligeuza ili asome. *Mshiriki anaondoa mawe. Si kosa. Sehemu hizi zisirukwe.*

"Mtarudi mara mbili," akasema, "mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu. Tunapima kama akili inakumbuka. Ni watu walewale na picha zilezile."

"Huyu pia atakuwepo?"

"Wa kumi na saba?" Daktari akatazama faili, ingawa Marthe aliona wazi kwamba hasomi. "Yupo. Tumepewa kibali cha kumtunza miaka kumi."

Nje, Topista alikuwa bado anangoja gari la barracks.

"Nyabo, ulipata jirani yako?"

"Nilimupata."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Topista akamtazama kwa heshima, kisha kwa wasiwasi kidogo. "Usiambie bibi yake," akasema.

Garini, Marthe alikumbuka kipira. Kilikuwa bado kimefungwa kwenye pindo. Kukirudisha kungehitaji maelezo ya kimetoka wapi, na maelezo yangehitaji uongo wa pili, na mtu wa kamati ya nidhamu akaona mmoja kwa siku unatosha. Akakaza fundo.

Walipofika Nakivale jua lilikuwa bado lipo juu ya migomba. Elisée alikuwa amekaa chini kando ya njia, miguu mbele, kama mtu aliyeteguka. Hakuinuka mpaka gari la mradi lilipogeuza na kupotelea kwenye vumbi lake.

"Shemeji," akasema, "ulisema nini?"

"Nilisema ni weye."

Elisée akapangusa suruali. Walitembea pamoja kidogo, yeye akijitahidi, maana Marthe alikuwa na hatua ndefu. Miaka ishirini na mbili alitembea kando ya mtu mrefu. Walipofika penye shamba, kwenye mpaka wa kushoto, ukuta wa mawe ulikuwa pale, umefika gotini na kukoma. Elisée akasimama, akautazama, akavua kofia, kisha akaona kama amekosea, akaivaa tena.

"Na nilitembea namna gani?" akauliza.

Marthe aliinama, akaokota jiwe lililokuwa katikati ya mistari ya maharage, akalipangusa udongo kwa kiganja, akaliweka juu ya ukuta.

"Ulitembea muzuri," akasema. "Muzuri sana."